Swali la Mbunge Huishia Wapi?

Bunge linapokutana Dodoma kuna jambo moja ambalo halikosekani asubuhi. Baada ya dua na hati kuwekwa mezani, kipindi cha maswali huanza. Mbunge husimama na kuuliza swali ambalo tayari limepewa namba na kuchapwa katika orodha ya shughuli za siku hiyo. Waziri au Naibu Waziri naye husimama, karatasi mkononi, akasoma jibu lililoandaliwa wizarani. Mbunge hushukuru kwa majibu, kisha huomba kuuliza maswali mawili madogo ya nyongeza. Hapo ndipo mambo huanza kuwa matamu, kwa sababu jibu la swali la nyongeza halikuandikwa popote.

Mwananchi anayefuatilia mambo haya kupitia redio, akiwa dukani, shambani au kijiweni, mara nyingi hujiuliza: Je, maneno yote haya yana faida gani? Barabara iliyoulizwa mwaka juzi bado ni mashimo. Zahanati iliyoahidiwa bado ni kuta bila paa. Wapo wanaokata tamaa na kusema kwamba Bunge ni mahali pa kupiga domo na kulipwa posho. Wapo pia wanaompima mbunge kwa ukali wa sauti yake, wakamwita shujaa kila anapomnyooshea Waziri kidole.

Kwa maoni yangu, makundi yote mawili yanapima kwa kipimo kisicho sahihi. Swali la mbunge lina nguvu kubwa, lakini nguvu yenyewe haimo katika kuulizwa, wala katika kupigiwa makofi. Imo katika kile kinachofuata baada ya jibu. Ili tuelewane vizuri, nitamchukua mbunge mmoja kuwa mfano na kufuatilia baadhi ya maswali na hoja zake zilikoishia. Mbunge huyo ni Zitto Kabwe, aliyeingia bungeni Desemba 2005 akiwa na umri wa miaka 29 kwa tiketi ya Chadema, kutoka jimbo la Kigoma Kaskazini, na kuondoka bungeni mwaka 2020 akiwa mbunge wa Kigoma Mjini kwa tiketi ya ACT-Wazalendo. Simtaji ili kumpigia debe. Namtaja kwa kuwa hoja zake ziligusa mambo mengi, kuanzia madini, umeme, posho, fedha za nje hadi mashirika ya umma, na kwa kuwa matokeo yake yanaonekana wazi, mazuri na mabaya.

Lakini kwanza tuanze na msingi wenyewe. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 63, inasema kwamba Bunge ndicho chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Kazi ya kwanza inayotajwa katika ibara hiyo ni kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Zingatia neno "kwa niaba". Mbunge anaposimama kuuliza haombi fadhila ya Waziri, wala hafanyi ukorofi. Anadai hesabu kwa niaba ya aliyemtuma. Ibara ya 100 nayo inampa kinga, kwamba hawezi kushtakiwa mahakamani kwa alichosema bungeni. Kinga hiyo haikuwekwa kwa ajili ya heshima ya mbunge. Iliwekwa ili mwananchi aweze kusemewa hata jambo ambalo yeye mwenyewe angeogopa kulisema barazani.

Aidha, swali la asubuhi ni ngazi ya kwanza tu. Zipo ngazi nyingine juu yake. Kuna maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu siku ya Alhamisi, ambayo hayana jibu la kuandikwa. Kuna mchango wakati wa kujadili bajeti ya wizara. Baada ya mchango huo Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi, kupitia kifungu kimoja baada ya kingine, na hapo ndipo tunaposikia mbunge akitishia "kushika shilingi". Wengi hudhani ni utani. Sivyo hata kidogo. Mbunge asiyeridhika hupendekeza mshahara wa Waziri upunguzwe shilingi moja, na kwa hoja hiyo ndogo Waziri hulazimika kutoa maelezo zaidi. Lakini muda uliopangwa ukiisha, vifungu vilivyobaki hupitishwa kwa mkupuo, na aliyekuwa anangoja zamu yake hubaki na shilingi yake mkononi.

Juu zaidi kuna hoja binafsi, ambayo mbunge huiandika na kuomba Bunge lifikie azimio. Kuna kamati za kudumu, zenye uwezo wa kuwaita watendaji na kudai vitabu vya hesabu. Kuna kamati teule, inayoundwa kuchunguza jambo moja mahsusi. Na juu kabisa kuna hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Mbunge anayeijua kazi yake huanza na ngazi ya chini, na jibu lisiporidhisha hupanda inayofuata.

Sasa tuje kwenye mfano wetu. Februari 2007, jijini London, Waziri wa Nishati na Madini wa wakati huo, Nazir Karamagi, alitia saini mkataba wa uendelezaji wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, wilayani Kahama, uliokuwa wa kampuni tanzu ya Barrick. Wakati huo Serikali ya Awamu ya Nne ilikuwa imeahidi kuipitia upya mikataba ya madini, kwa kuwa malalamiko yalikuwa mengi kwamba nchi inaambulia kidogo. Mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3, na ulikokotolewa baada ya kutoa baadhi ya gharama za mchimbaji. Swali la Zitto lilikuwa jepesi kueleweka hata kwa mtoto wa shule: Kama mikataba inapitiwa upya, kulikoni mkataba mpya kutiwa saini kabla ya kazi hiyo kukamilika, tena nje ya nchi?

Waziri alijibu kwamba taratibu zote zilifuatwa. Mbunge hakuridhika. Akapanda ngazi: akaleta hoja binafsi, akitaka iundwe kamati teule ya kuchunguza mazingira ya mkataba huo. Agosti 2007 hoja ilijadiliwa na kukataliwa. Haikuishia hapo. Ilitolewa hoja nyingine kwamba mbunge huyo amemsingizia Waziri uongo, na Bunge, ambalo wabunge wake wengi walikuwa wa chama tawala, likaamua kumsimamisha hadi Januari 2008. Jimbo la Kigoma Kaskazini likabaki kwa miezi kadhaa bila msemaji bungeni. Hili nalo tusilipite haraka. Anaposimamishwa mbunge, anayenyang'anywa sauti ni mpiga kura wake, ambaye hakumsingizia mtu yeyote lolote.

Kwa kipimo cha siku ile, swali la Buzwagi lilikuwa limeshindwa vibaya. Lakini tazama kilichofuata. Wananchi walianza kuuliza jambo lile lile mitaani, magazetini na katika redio. Neno "mrabaha", ambalo wengi wetu hatukuwa tumelisikia, likawa neno la kijiweni. Novemba mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani ili kuishauri Serikali kuhusu usimamizi wa sekta ya madini, na miongoni mwa wajumbe aliowateua alikuwamo Zitto mwenyewe, wakati adhabu yake bungeni haijaisha. Kamati ilikamilisha kazi yake mwaka 2008. Mwaka 2010 Bunge lilipitisha Sheria mpya ya Madini, ambayo ilipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4, na kuutoza kwenye thamani yote ya madini badala ya kile kinachobaki baada ya makato. Mwaka 2015 ikapitishwa sheria ya uwazi katika uziduaji, inayotaka mikataba ya madini, mafuta na gesi iwekwe hadharani. Mwaka 2017 mrabaha ulipanda tena hadi asilimia 6, Serikali ikapewa hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa, na sheria nyingine ikalipa Bunge uwezo wa kupitia mikataba ya rasilimali yenye masharti hasi.

Sisemi kwamba yote haya ni kazi ya mbunge mmoja. La hasha. Wanasheria, waandishi, viongozi wa dini, wanaharakati na wananchi wa Kahama, Geita na Tarime walikuwa wakilia na jambo hili miaka mingi kabla yake, na sheria za mwaka 2017 zilisukumwa na Serikali ya awamu nyingine kabisa. Nasema tu kwamba swali lililokataliwa ukumbini halikufa, kwa sababu lilikuwa na wenyewe nje ya ukumbi. Buzwagi yenyewe ilianza kuzalisha mwaka 2009, na leo uchimbaji wake umekwisha. Dhahabu imetoka ardhini na hairudi. Kwa hiyo swali kuhusu masharti ya mkataba lina wakati wake: likichelewa miaka 10, linajibiwa mbele ya shimo tupu.

Jambo jingine la kutazama ni kwamba Bunge lile lile lililokataa kamati teule mwezi Agosti, mwezi Novemba liliunda kamati teule juu ya jambo lingine, nalo ni mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond. Kamati hiyo iliongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe, mbunge wa chama tawala. Februari 2008 taarifa yake ilisomwa, na Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu pamoja na mawaziri wawili, akiwamo Bw. Karamagi. Funzo ni kwamba kuuliza si kazi ya upinzani peke yake. Hata kabla ya vyama vingi kuingia bungeni, mwaka 1993, wabunge wa CCM wapatao 55, waliojulikana kama G55, walisimamisha hoja ya Serikali ya Tanganyika katika Bunge lililokuwa la chama kimoja. Ukubali au ukatae walichokitaka, hukuweza kusema kwamba ukumbi ule ulikuwa umelala.

Sasa tutazame upande wa pili wa shilingi. Novemba 2012 Zitto alileta hoja binafsi kuhusu fedha zilizosemekana kufichwa na Watanzania katika benki za Uswisi. Safari hii hakuna aliyesimamishwa. Bunge lilikubali, likaazimia kwamba Serikali ichunguze na kuleta taarifa. Vyombo vya habari viliandika kwa herufi kubwa, na wananchi walifurahi. Kisha? Miezi ikapita. Timu ikaundwa, maelezo ya hapa na pale yakatolewa, muda ukaongezwa. Bunge lile lilimaliza uhai wake mwaka 2015 bila orodha ya wenye akaunti kuwekwa hadharani.

Hebu linganisha mambo haya mawili. Hoja iliyokataliwa, na aliyeileta akaadhibiwa, ilifuatwa na sheria. Hoja iliyokubaliwa, na aliyeileta akapongezwa, haikufuatwa na kitu cha kushikika. Tofauti iko wapi? Kwa madini, kila mwaka palikuwa na mtu wa kuuliza tena, na palikuwa na kitu cha kupima: asilimia 3 au asilimia 4, mkataba wa siri au mkataba wa wazi. Kwa Uswisi, azimio halikuwa na meno, ushahidi ulikuwa mbali katika nchi nyingine yenye sheria zake za siri za benki, na baada ya kelele za mwanzo hakukuwa na kamati iliyokaa na faili hilo mezani wiki baada ya wiki. Ahadi ni deni, wahenga walisema, lakini deni lisilodaiwa husahauliwa na aliyekopa na aliyekopesha.

Mfano wa tatu unaonyesha jinsi swali linavyoweza kupokezwa kama kijiti. Mwaka 2014 mbunge wa Kigoma Kusini wakati huo, David Kafulila wa NCCR-Mageuzi, alisimama bungeni kuhusu fedha zilizotolewa katika akaunti ya Escrow ya Tegeta, iliyokuwa Benki Kuu. Akaunti hiyo ilifunguliwa mwaka 2006 ili kuhifadhi fedha wakati Tanesco na kampuni ya kufua umeme ya IPTL wakivutana kuhusu malipo. Zilikuwa zaidi ya Sh bilioni 300, nazo zilitolewa mwishoni mwa 2013. Serikali ilisema kwamba hazikuwa fedha za umma. Kafulila alikejeliwa, hata kuitwa tumbili mbele ya Bunge. Kama swali lingebaki mikononi mwake peke yake, pengine lingezimwa siku ile ile.

Lakini suala hilo lilipelekwa kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na kwa Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa. Taarifa ya ukaguzi ilipotoka ilikwenda kwa Kamati ya Hesabu za Serikali, iliyoongozwa na Zitto. Makamu wake alikuwa Deo Filikunjombe, mbunge wa Ludewa kwa tiketi ya CCM, ambaye naye hakusita kuisemea taarifa hiyo hadharani. Tunamkumbuka, kwani alifariki katika ajali ya helikopta Oktoba 2015. Mwishoni mwa Novemba 2014 Bunge lilijadili taarifa hiyo kwa siku kadhaa na kufikia maazimio. Desemba Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji Frederick Werema, alijiuzulu, na Waziri wa Ardhi, Profesa Anna Tibaijuka, aliondolewa. Januari 2015 Waziri wa Nishati na Madini, Profesa Sospeter Muhongo, naye alijiuzulu. Kujiuzulu si hukumu ya mahakama, na ni haki kulisema hilo. Lakini kwa mwananchi anayelipa bili ya umeme, lilikuwa jibu tofauti kabisa na lile la "fedha hizi si za umma".

Mtaona hapa, ndugu wasikilizaji, kwamba ufasaha peke yake haukutosha. Palihitajika mkaguzi huru, kamati yenye uwezo wa kudai nyaraka, na wabunge wa vyama mbalimbali waliokubali kusimama pamoja. Ndivyo ilivyokuwa pia Aprili 2012, Zitto alipokusanya saini za wabunge ili kuleta hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, Mizengo Pinda. Katiba inataka saini za wabunge wasiopungua asilimia 20, na taarifa ya siku 14. Saini zilipatikana, baadhi zikiwa za wabunge wa chama tawala, Filikunjombe akiwa mmoja wao. Hoja haikufika ukumbini kwa kuwa siku hazikutosha. Hata hivyo, mwanzoni mwa Mei Rais alilipanga upya Baraza la Mawaziri na kuwaacha nje mawaziri 6. Karatasi yenye saini ilifanya kazi kabla ya kusomwa.

Si kila swali ni la kuangusha mawaziri. Mwaka 2011 mbunge huyo huyo alikataa kupokea posho ya kikao, iliyokuwa Sh 70,000 kwa siku, akisema kwamba kukaa katika kikao ni sehemu ya kazi ambayo mbunge tayari analipwa mshahara. Wenzake wengi hawakufurahi. Posho haikufutwa, lakini tangu siku hiyo hakuna mbunge anayeweza kudai kwamba wananchi hawajui kiasi chake. Na yapo maswali ya jimboni, yasiyo na kelele, ya maji, barabara na umeme. Kwa mkoa kama Kigoma, ambao kwa miaka mingi uliwashwa kwa majenereta ya dizeli nje ya gridi ya Taifa, swali la "lini" ni swali la maisha ya fundi seremala, mama wa saluni na mgonjwa wa chumba cha upasuaji.

Sasa, jibu la Waziri tulisikilizeje? Mwenye uzoefu wa kusikiliza Bunge atakuwa amezizoea kauli hizi: "Serikali iko kwenye mchakato." "Upembuzi yakinifu unaendelea." "Itategemea upatikanaji wa fedha." Kauli hizi si lazima ziwe uongo. Upembuzi yakinifu ni hatua ya kweli katika ujenzi wa barabara. Lakini jibu lisilo na tarehe, lisilo na kiasi cha fedha, na lisilotaja ni nani atakayetekeleza, halijawa jibu bado. Ni hapo ambapo swali la nyongeza linahitajika: Upembuzi ulianza lini, unakamilika mwezi gani, na fedha zake ziko kifungu kipi cha bajeti? Mbunge anayetumia nafasi yake ya nyongeza kumpongeza Waziri kwa kazi nzuri amewatupia wapiga kura wake nafasi hiyo barabarani.

Lipo pia jambo linalohusu sisi wa redio. Siku moja ya Bunge ina saa nyingi za mijadala, na taarifa ya habari ina dakika chache tu. Mara nyingi kinachopata nafasi ni zogo, siyo jibu. Ndiyo maana kusikia mjadala wenyewe kuna umuhimu. Januari 2016 Waziri mwenye dhamana ya habari, Nape Nnauye, alitangaza kwamba shirika la utangazaji la Taifa, TBC, halitarusha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja, kwa sababu ya gharama. Zitto alisimama akitaka mjadala uliokuwapo uahirishwe ili jambo hilo lijadiliwe kwanza. Kikao kikaishia kwa vurugu, na askari wakaingizwa ukumbini kuwatoa wabunge wa upinzani. Gharama za matangazo ni za kweli. Nani anayefanya kazi hii asiyezijua? Lakini nayo gharama ya mwananchi kutosikia ni ya kweli, ingawa haimo katika kitabu chochote cha bajeti. Swali la Buzwagi lingepata wapi wenyewe nje ya ukumbi kama nje ya ukumbi hakuna aliyelisikia?

Na tusisahau vizuizi vingine. Mbunge wa Tanzania hushikilia kiti chake kupitia chama. Akitoka katika chama, kiti kinakwenda. Zitto mwenyewe aliacha ubunge Machi 2015 baada ya kuachana na Chadema, na ikambidi arudi kwa wapiga kura upya mwaka huo akiwa na chama kingine. Kwa hiyo kila mbunge anaposimama kuuliza, ana macho ya watu wawili mgongoni mwake: mpiga kura aliyemtuma, na kiongozi wa chama anayeweza kumnyima tiketi. Akijua kwamba mpiga kura hafuatilii, ataogopa nani?

Profesa Mussa Assad, akiwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, alipohojiwa na redio ya Umoja wa Mataifa mwishoni mwa 2018, alisema kwamba ripoti zikitolewa na hatua zisichukuliwe, huo ni udhaifu wa Bunge. Wakuu wa Bunge walikasirika, akaitwa kuhojiwa, na Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya kazi naye. Neno "udhaifu" liliwauma. Lakini ukiliondoa neno lenyewe, hoja inabaki pale pale: kazi ya kusimamia haiishii kwenye kupokea ripoti, kama vile kazi ya kuuliza isivyoishia kwenye kupokea jibu.

Je, wewe na mimi tufanye nini? Hatuhitaji kuwa wabunge. Kila neno linalosemwa bungeni huandikwa katika Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, na kwa bahati njema Bunge letu huzungumza Kiswahili. Kumbukumbu hizo sasa zinapatikana katika mtandao wa intaneti. Kijana mmoja wa kijijini mwenye simu anaweza kutafuta siku ambayo mbunge wake aliuliza habari za kisima chao, akanakili jibu la Waziri na tarehe yake. Mbunge akija kwenye mkutano wa hadhara, karatasi hiyo isomwe mbele yake. Asitukanwe, asizomewe. Aulizwe tu: Mheshimiwa, tarehe fulani uliuliza, ukajibiwa hivi. Umerudi kuuliza tena? Na kama hajawahi kuuliza chochote, hilo nalo litajulikana.

Waswahili tunasema kuuliza si ujinga. Ni kweli, lakini kuuliza mara moja ukanyamaza hakujajenga barabara. Swali la mbunge ni mbegu. Akishaipanda, palizi ni ya wengi: kamati, mkaguzi, mwandishi, na zaidi ya wote wewe unayenisikiliza.

Tukutane tena juma lijalo, saa kama hii. Kwaherini.